Chakula Kilisifiwa, Mpishi Hakutajwa

Mgeni afikapo mjini Unguja hutembezwa katika majumba makubwa ya kale. Huonyeshwa milango iliyochongwa nakshi, huonyeshwa taa za kuning'inia, vioo na picha za waliokuwa wenye nyumba, na husimuliwa kwa fahari karamu zilizofanywa humo. Tumewahi kufuatana na misafara ya namna hiyo mara kadhaa, na bado hatujamsikia mgeni hata mmoja akiuliza jiko lilikuwa wapi. Wala sisi wenyeji hatujamsaidia kuuliza. Karamu imebaki katika masimulizi kana kwamba wali ulijipika wenyewe, nyama ikajikata, na sahani zikapanda ngazi kwa miguu yao.

Leo tunakusudia kuzungumza habari za jiko. Jiko lenyewe haliko hapa kwetu. Liko mbali, katika Virginia, moja ya majimbo ya Kusini ya Marekani, juu ya kilima kiitwacho Monticello. Tumelichagua kwa sababu mwenye nyumba ile alikuwa mtu wa kuandika kila kitu: bei ya nyama, siku ya kupanda njegere, blanketi aliyopewa mtumwa, mtoto aliyezaliwa. Kwa hivyo mpishi wake ameweza kufuatwa hatua kwa hatua katika madaftari ya mtu mwengine. Jina lake ni Edith Hern Fossett.

Mwenye nyumba alikuwa Thomas Jefferson, mwandishi mkuu wa Tangazo la Uhuru la Marekani la mwaka 1776, na Rais wa tatu wa nchi hiyo tangu 1801 hadi 1809. Ndiye aliyetangazia ulimwengu kwamba watu wote wameumbwa sawa. Katika umri wake alimiliki watumwa zaidi ya 600. Hatuutaji ukweli huu kwa nia ya kumtukana marehemu kaburini, kwani Wamarekani wenyewe wamekwisha kuutaja na kuuandika. Tunautaja kwa kuwa bila ya huo kisa hiki hakifahamiki.

Edith alizaliwa mwaka 1787, mtoto wa David na Isabel Hern, wote wawili watumwa wa Jefferson. Alikuwa, kwa neno walilolitumia wazee wetu, mzalia: mtumwa aliyezaliwa nyumbani kwa bwana, asiyejua safari ya jahazi wala mnyororo wa bara. Wakati huo Jefferson alikuwa balozi Paris, na aliagiza binti yake mdogo apelekwe huko akisindikizwa na Isabel. Uzazi ukamzuia Isabel kusafiri, na badala yake akapelekwa msichana wa miaka 14 aitwaye Sally Hemings, ambaye baadaye alimzalia Jefferson watoto.

Hapa tunaomba ndugu wasomaji wavumilie neno moja la sheria. Tangu mwaka 1662 sheria ya Virginia iliamua kwamba mtoto hufuata hali ya mama yake. Akiwa mama mtumwa, mtoto ni mtumwa, hata kama baba ni bwana mwenyewe. Sisi tuliosoma chuoni kabla ya skuli tulifundishwa mlango wa umm walad, kwamba mtoto wa suria kwa bwana wake huzaliwa huru na mama hauzwi tena. Tusijipambe kwa tofauti hiyo kupita kiasi, maana hapa kwetu pia mtoto wa mtumwa kwa mtumwa mwenziwe alibaki mali. Lakini ni vyema ijulikane kwamba huko Kusini mwa Marekani mlango huo haukuwapo kabisa. Tumbo la mama lilikuwa ghala la bwana. Jefferson mwenyewe aliandika katika barua ya mwaka 1820 kwamba mwanamke azaaye mtoto kila miaka miwili ana faida kuliko mwanamume aliye bora kuliko wote shambani, kwa sababu azaacho mwanamke huongeza mtaji, na afanyacho mwanamume huliwa kikaisha. Maneno hayo aliyaandika wakati Edith alikuwa mpishi wake na mama wa watoto kadhaa, jikoni kwake, hatua chache kutoka meza aliyoandikia.

Mwaka 1802, akiwa na umri wa miaka 15, Edith alipelekwa Washington, katika Nyumba ya Rais, akajifunze upishi wa Kifaransa. Mwalimu wake alikuwa Mfaransa, Honoré Julien, mpishi mkuu aliyelipwa mshahara. Edith alipewa bakhshishi ya dola 2 kwa mwezi. Kazi yenyewe haikuwa mchezo. Jefferson alipenda kuwakaribisha wajumbe wa Bunge na mabalozi kwa chakula cha mchana, watu kumi na zaidi mezani, na siasa za nchi changa zilipikwa hapo kama zilivyopikwa nyama na mchuzi. Walikula makaroni, vitu vya kuokwa, na maziwa yaliyogandishwa kwa barafu, ambayo kwa wengi yalikuwa ajabu. Wageni waliandika barua nyumbani kusifu meza ya Rais. Msichana aliyesimama juu ya moto chini ya nyumba hakuwamo katika barua hizo.

Alizaa watoto akiwa humo humo, katika nyumba ambayo leo dunia yote inaijua kwa jina la White House. Wawili kati yao, James na Maria, walizaliwa mwaka 1805 na 1807. Mtu ajiulize mpishi wa karamu za serikali alinyonyesha saa ngapi. Baadaye aliungana naye wifi yake, Fanny Hern, mke wa ndugu yake. Msimamizi wa Monticello, Edmund Bacon, alisimulia uzeeni kwake kwamba siku moja Fanny na mumewe waligombana vibaya, na Jefferson akaamuru wapelekwe wakauzwe. Wakalia na kuomba radhi mpaka akawasamehe. Mume na mke hugombana katika nyumba yoyote. Katika nyumba ile ugomvi wa ndani ulikaribia kuwafikisha mnadani.

Mume wa Edith alikuwa Joseph Fossett, fundi mhunzi, ambaye alibaki Monticello. Kati ya Monticello na Washington ni mwendo wa karibu kilomita 190. Jefferson alikuwa na desturi ya kurudi kilimani kwake kupumzika, lakini wapishi aliwaacha Washington. Miaka ikapita. Mwishoni mwa Julai 1806 Joseph alitoweka. Bwana alistaajabu sana, akaandika barua haraka kwa mtumishi wake wa Washington amtafute. Alipatikana usiku wa mwanzo wa Agosti akitoka katika Nyumba ya Rais, akatiwa jela, kisha akarudishwa Monticello. Hakuwa akikimbilia majimbo ya Kaskazini kutafuta uhuru. Alikuwa akienda kwa mkewe. Alikuwa na miaka 25, na safari yote ile aliifanya kwa ajili ya kumwona mtu ambaye kwa mujibu wa sheria hakuwa hata mke wake, kwani ndoa ya watumwa haikutambuliwa na mahakama yoyote ya Virginia.

Mwaka 1809 Jefferson alimaliza urais na Edith akarejea Monticello, sasa akiwa mpishi mkuu wa nyumba. Jiko jipya lilikuwa limekwisha jengwa, na lilikuwa la kisasa kwa zama zake: pamoja na meko makubwa na tanuri ya mkate, kulikuwa na jiko la matofali lenye matundu manane ya makaa, ambapo mpishi aliweza kupunguza na kuongeza moto kila tundu peke yake, kwa mchuzi mwepesi usioweza kuachwa juu ya kuni. Vyombo vilikuwa vya shaba, vilivyotoka Ufaransa. Kila mwanamke aliyewahi kupika juu ya makaa mengi kwa wakati mmoja anajua joto la kazi hiyo, na anajua kwamba mikono hiyo haiwezi kuwa imefunzwa kwa siku moja.

Isaac Granger Jefferson, mmoja wa watumwa waliokulia pale, alisimulia mwaka 1847 kwamba bwana hakuingia jikoni ila kwa kutia saa ufunguo. Tumelisoma jambo hilo zaidi ya mara moja. Saa ilikuwa ya bwana, na wakati pia. Mpishi alipaswa kutoa chakula kwa dakika. Kutoka jikoni chakula kilichukuliwa kwa njia iliyopita chini ya nyumba, kikapandishwa, kikawekwa juu ya rafu zilizobandikwa nyuma ya mlango wa chumba cha chakula. Mlango huo ulizunguka katikati yake. Ulipogeuzwa, rafu zilizojaa sahani zikatokeza kwa wageni, na aliyezibeba akabaki upande wa pili. Kulikuwa pia na kijisanduku cha kamba kilichopandisha chupa za mvinyo kutoka chini. Watu husifu ubunifu wa vyombo hivi, na kweli ni ubunifu. Kazi yake ilikuwa kuwaondolea wageni uso wa mtumwa.

Mwaka 1824 seneta mmoja wa baadaye, Daniel Webster, alifika Monticello akaandika kwamba chakula kilikuwa nusu cha Kivirginia na nusu cha Kifaransa, kizuri na kingi. Nusu ya tatu, tukiruhusiwa hesabu hiyo, hakuiona. Katika bustani ya Jefferson kulimwa bamia, ufuta na kunde, vitu ambavyo mke yeyote wa kisiwani anavijua kwa jina na kwa harufu, na ambavyo vilivuka bahari ya Atlantiki pamoja na watu wa Afrika. Mwaka ule ule wa 1824 bibi mmoja wa ukoo uliooana na wa Jefferson, Mary Randolph, alitoa kitabu mashuhuri cha upishi wa Virginia, na bamia zimo. Jina lililokaa juu ya kitabu ni la bibi mwenye nyumba.

Edith na Joseph walipata watoto kumi. Walikulia pembezoni mwa jiko na kiwanda cha uhunzi, wakila mgao wa mtumwa, ambao ulikuwa unga wa mahindi kwa kipimo, nyama kidogo na samaki wa chumvi, huku mama yao akiandaa karamu za wageni waliokuja bila kikomo na wakakaa wiki nzima. Mmoja wa watoto hao, Peter, aliyezaliwa 1815, alieleza uzeeni kwamba udogoni hakuhisi kuwa yeye ni mtumwa. Alivishwa vizuri, akacheza. Ndivyo alivyofanikiwa mama yake kumficha jambo lile kwa miaka 11, na kwa maoni yetu hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko mapishi yote ya Kifaransa.

Jefferson alifariki tarehe 4 Julai 1826, akiacha deni la zaidi ya dola 107,000. Katika wasia wake aliwaacha huru wanaume watano. Joseph Fossett alikuwa mmoja wao, na alipewa uhuru uanze mwaka mmoja baada ya kifo. Edith hakutajwa. Watoto hawakutajwa. Mtu aliyemlisha bwana kwa zaidi ya miaka ishirini, tangu Washington hadi kitanda cha mauti, alibaki katika orodha pamoja na mifugo, viti na mahindi.

Mnada ulianza Januari 1827, wakati wa baridi kali, palepale kilimani. Matangazo ya gazeti yalinadi watumwa 130. Joseph alikuwa bado na miezi sita kabla ya uhuru wake kuanza, kwa hivyo alisimama hapo akiwa mtumwa mwenyewe, hana haki ya kununua chochote kwa jina lake, akiangalia mkewe na watoto wakitajiwa bei. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na hatuna la kuongeza juu ya saa ile. Edith na watoto wawili wadogo kabisa walinunuliwa kwa dola 505 na Jesse Scott, mtu huru aliyeoa katika ukoo wa Joseph. Huo ulikuwa msaada wa jamaa. Wengine walitawanyika kwa mabwana mbalimbali. Peter, mwenye miaka 11, alipandishwa jukwaani akauzwa kwa mtu aitwaye John Jones.

Tumewasikia watu, wasomi miongoni mwao, wakisema kwamba Jefferson alikuwa bwana mpole, na kwamba wapishi na mafundi wa nyumbani walikuwa na hali bora kuliko wa shambani. Huenda hata wazee wetu waliambiwa maneno hayo hayo kuhusu majumba ya hapa. Jibu lake ni siku ile ya Januari. Upole wa bwana ulikuwa na umri wa bwana. Alipokufa, wadeni wake hawakuurithi upole, waliurithi mtaji. Na kumpa mwanamume uhuru huku mkewe na wanawe wakiuzwa ni kumpa kazi nyengine isiyo na mshahara, kazi ya kuwakomboa.

Joseph aliifanya. Aliwasha moto wa uhunzi akiwa mtu huru, akapiga chuma na kuweka akiba. Kwa miaka hiyo yote, katika karatasi za serikali, familia aliyoikomboa ilikuwa mali yake, kwa kuwa sheria ya 1806 iliwataka walioachwa huru waondoke Virginia ndani ya mwaka mmoja wasipopata ruhusa. Mume alilazimika kuwa bwana wa mkewe ili asifukuzwe. Mwaka 1837 alisaini hati ya kumwacha huru Edith, watoto watano na wajukuu wanne. Edith alikuwa na miaka 50.

Mwaka huo huo wa 1837 aliwasili Unguja balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, mfanyabiashara Richard Waters wa Salem, Massachusetts, kufuatia mkataba uliotiwa saini na Sayyid Said mwaka 1833. Meli za Salem zilichukua pembe za ndovu na sandarusi, na zilileta nguo ambayo mpaka leo tunaiita merikani. Viwanda vilikuwa Kaskazini ya Marekani. Pamba ilitoka Kusini, na iliyochumwa huko ilichumwa kwa mikono ya watumwa. Basi asiseme mtu kwamba habari za Virginia hazituhusu. Zilifika hapa kwa dhiraa, zikavaliwa, na zikatumika bara kununulia pembe na watu.

Karibu mwaka 1840 Joseph na Edith waliihama Virginia, wakaenda jimbo huru la Ohio, na hatimaye wakakaa mji wa Cincinnati. Walimwacha nyuma Peter, kwani bwana wake alikataa kumwuza kwa jamaa zake. Kijana huyo alikuwa amejifunza kusoma na kuandika kwa kuiba nafasi, na usiku akiwafundisha wenziwe kwa mwanga wa moto. Alimwandikia dada yake Isabella karatasi ya bandia ya uhuru, akatoroka nayo. Yeye mwenyewe alijaribu kutoroka mara mbili, akashikwa, akapandishwa tena mnadani. Mwaka 1850 ndugu na marafiki walichanga na kumnunua. Akafika Cincinnati akiwa mtu mzima wa miaka 35, akamkuta mama yake hai.

Na Peter alifanya kazi gani? Alipika. Yeye na ndugu yake William wakawa waandaaji wa karamu waliojulikana Cincinnati, wakitoza fedha kwa ujuzi uleule ambao mama yao alilipwa dola 2 kwa mwezi. Peter akawa pia mchungaji wa kanisa la Kibaptisti, na akawasaidia watumwa waliokuwa wakitoroka kupitia mji ule. Edith alifariki mwaka 1854, huru. Joseph alimfuata mwaka 1858.

Habari nyingi tulizozieleza zingebaki vipande vipande katika madaftari lau si jambo moja. Mwaka 1993 taasisi inayoitunza Monticello iliwaendea wajukuu na vitukuu wa waliokuwa watumwa wa kilima kile, mmoja baada ya mmoja, ikaandika na kurekodi waliyoyasikia kwa wazee wao. Masimulizi ya sebuleni yakakutana na hesabu za bwana. Leo jiko limefunguliwa kwa wageni na jina la Edith hutajwa humo.

Tunaliweka jambo hili mbele ya wakuu wetu wa mambo ya kale, nyaraka na elimu, kwa heshima. Amri ya kufuta hali ya utumwa katika visiwa hivi ilitolewa mwaka 1897, na masuria wakaachwa nje yake mpaka 1909. Mwaka 1909 hauko mbali. Wamo miongoni mwetu wazee waliolelewa na bibi walioiona zama hiyo, na kila mwezi tunamzika mmoja wao. Nyaraka zipo Kilimani. Vinasa sauti havina bei kubwa. Vijana wa skuli wenye kalamu tunao katika kila wilaya ya Unguja na Pemba. Wapo watakaosema kwamba kufukua mambo haya ni kuamsha fitina baina ya koo. Tunaiheshimu hofu hiyo, maana visiwa vyetu vinaujua uchungu wa fitina. Lakini hatuombi watu waulizwe babu wa nani alikuwa bwana. Tunaomba waulizwe nani alipika, alizaa wangapi, na walikwenda wapi. Na mtembezaji wageni afundishwe kuanzia jikoni, kisha ndipo apande ukumbini.

Peter Fossett aliyasimulia maisha yake katika gazeti moja la New York mwaka 1898. Alikuwa na hamu ya kuiona Monticello kabla ya kufa, na marafiki wakamsaidia. Mwaka 1900, mzee wa miaka 85, alipanda tena kilima kile alichoteremka akiwa mtoto aliyenunuliwa. Mwaka uliofuata alifariki Cincinnati, mji ule ule aliofia mama yake.